Meza ya Watu wa Simu

Kabla sijaanza, naomba mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazozikosea. Shule yangu iliishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umeshika jembe, trei na funguo za geti kuliko ulivyoshika kalamu. Nikimaliza sentensi moja huisoma kwa sauti kwanza, ndipo nakwenda kwenye nyingine, kwa hiyo karatasi hizi zimenichukua msimu mzima wa mvua. Palipofutwa msijisumbue kupasoma, nimeandika upya pembeni.

Bwana Nkwabi tulimzika hapa Bariadi, kwenye kiwanja cha kaka yake kule Somanda, baada ya kuugua muda mrefu. Watu walikuwa wachache. Bodaboda zilipita barabarani zikipiga honi kama siku nyingine yoyote, na katekista ilimbidi anyamaze mara kwa mara azisubiri zipite. Mimi nilikaa benchi la nyuma karibu na masufuria, kwa kuwa sipendi kutazamwa, na hapo ndipo Kabula aliponikuta. Tulikuwa hatujaonana tangu Lamadi, tulipofanya kazi pamoja kwenye hoteli ya marehemu. Amenenepa kidogo, alikuwa na mtoto mgongoni, na siku hizi anauza michembe ya viazi vitamu na mboga za kukausha karibu na lango la hospitali. Alikuwa amebeba sinia la sahani tupu. Akaniinamia sikioni akasema polepole, kwa sauti ile ya mafunzo ya hotelini, "Good afternoon, sir. Do you have a reservation?" yaani, umeweka meza? Nikacheka, msibani. Yeye naye akacheka, halafu uso ukambadilika, akaweka sinia chini akalia kweli, hadi akina mama waliokuwa wanachagua mchele wakamwambia, "Basi mayu, inatosha, mwenzako amepumzika." Walidhani ni ndugu wa marehemu. Hakuna aliyewaeleza kwamba alichokuwa anakililia ni Kiingereza.

Mwaka ninaotaka kuuandika ni ule niliokaa Lamadi, nikiwa na miaka kumi na tisa. Habari za kwetu Shishiyu naziacha, kwa kuwa ni za pamba na ng'ombe, na nyumba nyingine zote za kule zinazo habari hizo hizo. Nilifika Lamadi kutafuta kazi, na Bwana Nkwabi akanichukua kwenye hoteli yake iliyokuwa kando ya barabara kuu, upande ambao upepo wa ziwa unaleta harufu ya samaki asubuhi na vumbi la malori mchana. Nilipofika, ubao wa nje ulikuwa umeandikwa jina la mke wake, Mama Kulwa, na neno Hoteli. Baada ya muda mfupi alikuja fundi wa kuandika vibao, akapaka rangi nyeupe juu ya hayo yote akaandika Nkwabi Restaurant, na chini yake namba ya simu. Mama Kulwa alitoka jikoni na mwiko mkononi, akautazama ubao, akauliza, "Na mimi nimefutwa?" Mume wake akamjibu, "Wewe uko ndani ya restaurant." Akarudi jikoni. Alikuwa mpishi wa kweli yule mama. Sato wake wa kuchemsha kwa ndimu na nyanya sijampata tena mahali popote, na ugali wake ulikaa kwenye sahani umesimama, laini, bila hata punje ya unga mbichi.

Nililala stoo, nyuma ya jiko. Kulikuwa na magunia ya mkaa, kreti za soda, na kitanda cha mbao kilichopigwa misumari na mtu aliyekuwa na haraka. Ukuta kati ya stoo na jiko ulikuwa wa mabanzi, kwa hiyo kila alfajiri niliamshwa na mazungumzo ya watu wawili wanaowasha moto. Bwana Nkwabi alikuwa anatwanga tangawizi ya chai na kueleza, na mke wake alikuwa anakata vitunguu na kuuliza. Nakumbuka asubuhi moja Mama Kulwa alisema, "Mimi kitu kimoja tu hakiniingii akilini. Mtu ana njaa. Hoteli anaiona. Anapiga simu ya nini? Si aingie?" Bwana Nkwabi akasema, "Anapiga jana." "Jana alikuwa na njaa ya leo?" "Ndiyo. Wenzetu njaa yao wanaipangia." Kisu kikaendelea. Kisha mama akasema, "Basi hao wameshiba."

Bwana Nkwabi alikuwa ameosha vyombo miaka ya ujana wake kwenye kambi moja ya watalii ndani ya hifadhi, na kule aliona jambo ambalo halikumtoka kichwani mpaka alipokufa. Alitusimulia mara nyingi, na kila mara alisimama kusimulia. Kulikuwa na ukumbi wa chakula umejaa watu, na wengine wamesimama mlangoni wanasubiri. Katikati ya ukumbi kulikuwa na meza moja ya kitambaa cheupe, glasi zimepangwa, na hakuna mtu. Ilikaa hivyo. Watu waliokuwa wamesimama waliiona, wakaendelea kusimama, na hakuna aliyekasirika. "Meza tupu," alikuwa anasema, na mkono wake unailainisha hewa kama kitambaa. "Watu wamesimama. Na amani tele." Kwake yeye hicho ndicho kilikuwa kitu kikubwa alichokiona porini, kuliko simba. Aliamini kwamba siku hoteli yake itakapokuwa na meza ya namna hiyo, ndiyo siku itakapokuwa imetoka kwenye hoteli za malori na kuingia kwenye hoteli za dunia. Magari ya watalii yalikuwa yanapita mbele yetu kila siku kwenda kwenye lango la hifadhi, yakituachia vumbi. Mpwa wake aliyekuwa Mwanza aliiweka namba ya simu kwenye mtandao, kwenye ramani ile ya kwenye simu, pamoja na picha ya sato. Ikanunuliwa simu ndogo ya vitufe, ikawekwa kaunta juu ya kitambaa cha kufuma, na ikakatazwa kwa matumizi mengine yote. Meza ya dirishani ikatandikwa kitambaa cheupe, na juu yake kikawekwa kipande cha boksi la biskuti kilichoandikwa RESERVED, yaani imeshawekwa.

Akatuambia mimi na Kabula mpango wake, waziwazi, na tangu siku hiyo nikaubeba kama wangu. Alisema Mzungu akishakula mahali na kuridhika, anaandika kwenye mtandao, na wenzake wanamfuata. Kwa hiyo alihitaji kundi moja tu la kwanza lihudumiwe vizuri. Likiridhika, Kabula atakuwa mkuu wa ukumbi, na mimi nitakuwa mtu wa simu, kazi ya kukaa, ya mshahara wa kila mwezi. Lisiporidhika, au lisipokuja, yeye atarudi kwenye kilimo, na sisi kila mtu kwao. "Ni kundi moja," alisema. "Mungu hawezi kuninyima kundi moja."

Mafunzo yalifanyika mchana, malori yakishaondoka. Bwana Nkwabi alikwenda nyuma ya tangi la maji na simu yake, akaipigia simu ya kaunta, na sisi tulipokezana kupokea. Maneno alikuwa ameyaandika kwenye karatasi ya kalenda ya zamani iliyobandikwa nyuma ya friji. Unaanza na good afternoon na jina la restaurant. Kisha how may I help you, yaani nikusaidie nini. Kisha for what day, kisha at what time, kisha for how many people, kisha may I have your name, please. Kama nafasi ipo unasema we look forward to seeing you, kwamba tunangoja kwa hamu kukuona. Kama nafasi haipo unasema I am sorry, we are fully booked. Hiyo ya mwisho ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Alitufanya tuiseme huku tumeinamisha kichwa kidogo, kama watu waliofiwa.

Siku ya kwanza nilipokea, nikasema good afternoon, halafu nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nangoja aniitikie, aniulize habari za nyumbani. "Endelea!" akapiga kelele nyuma ya tangi, nikamsikia mara mbili, simuni na dirishani. "Hujanijibu salamu, Bwana Nkwabi." "Mzungu hakujibu! Yeye anataka meza!" "Sasa nitamuulizaje shida yake kabla sijajua ameamkaje?" "Malimi, mtu huyo anakatwa hela hapo alipo, unataka kumuuliza ng'ombe wake?" Kabula alikuwa amejishika tumbo kwa kicheko. Lakini zamu yake ilipofika, naye alikwama. Alikuwa binti wa wafugaji, na kwao watu hawahesabiwi kwa mdomo, wala ng'ombe. Unawatazama tu na moyo unajua. Alipofika kwenye for how many people aliruka. Bwana Nkwabi akatoka nyuma ya tangi mwenyewe. "Kabula, wako wangapi?" "Wako wa kutosha." "Wangapi?" "Mimi sihesabu watoto wa watu, Bwana Nkwabi. Wakipungua njiani nitasemwa mimi." "Wazungu hawapungui kwa kuhesabiwa!" "Umejuaje? Uliwahi kuwahesabu wakirudi?" Mama Kulwa akacheka huko jikoni mpaka akaangusha mfuniko.

Kwa sababu hiyo simu ikawa yangu. Hapa nataka niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mimi ni mtu wa aibu. Hata kwa Kisukuma cha nyumbani nikiulizwa neno huwa natafuta, na nikilipata watu wameshahamia kwenye habari nyingine. Kwa Kiswahili ni vivyo hivyo. Lakini maneno yale ya kuweka meza yalikuwa yamekamilika. Mtu mwingine alishayapanga, hayakuhitaji chochote kutoka kwangu isipokuwa pumzi. Niliyasema nikichota maji, nikipaa samaki, nikiwa njiani kwenda sokoni. Nilipokuwa nayasema sauti yangu ilitoka kifuani, haikutetemeka, na kwa muda ule mfupi nilikuwa mtu ambaye ana meza ya kumpa mwenzake. Kabula alisema, "Huyu kwa Kiingereza ni bwana harusi, kwa Kiswahili ni mwizi aliyekamatwa." Nilifurahi siku nzima. Sasa hivi, nikiwa mlinzi wa geti kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, wenye malori wananipigia honi nami nafungua, na inaweza kupita wiki nzima sijasema sentensi inayozidi maneno matatu. Hakuna anayeona kwamba kuna kitu kimepungua.

Simu ya kaunta ilikaa. Ujumbe uliokuja ulikuwa wa matapeli, ile hela itume kwenye namba hii, na mganga mmoja aliyetutangazia utajiri. Mtu mmoja alipiga akitaka kujua bei ya mabondo ya sangara, vile vibofu vya samaki vinavyouzwa ghali, nami nikamwambia good afternoon, how may I help you, akakata. Meza ya dirishani nayo ilikaa. Mwanzoni madereva wa malori ya samaki waliigeuza mzaha. "Hii ni ya nani?" aliuliza mmoja wao, mtu mzito mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto. Kabula akamwambia, "Ya watu wa simu." "Wako wapi?" "Bado hawajapiga." "Basi wakipiga waambie nimewatunzia kiti kisipoe," akakaa mbele ya kitambaa cheupe na suruali yake ya magamba. Bwana Nkwabi akaja akamwinua kwa adabu. Siku nyingine akamwinua tena. Siku ya tatu yule dereva hakuja, akawa anaegesha lori mbele kidogo kwa mama mwingine, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja, bila ugomvi. Tukawa tunawaona wanapita na mkono wanatupungia. Mama Kulwa alipunguza maji ya ugali, kisha akapunguza samaki. Alfajiri sikusikia tena maswali yake kupitia mabanzi. Alikata vitunguu tu, na mume wake alieleza peke yake.

Ndipo simu ikalia. Ilikuwa asubuhi, nafagia. Nilidhani ni mtu wa mabondo tena. Nikasema good morning na jina letu, na upande wa pili kukawa na mama wa Kizungu, anaongea upesi, na nyuma yake kuna watu wanacheka na ndege wanalia. Sikuelewa mengi. Lakini maneno yangu niliyashika kama kamba ya kisima, nikawa nashuka nayo moja moja. For what day, akasema tomorrow. At what time, akasema one o'clock, na hilo Bwana Nkwabi alishatufunza kwamba kwao ni saa saba mchana. For how many people, nikauliza, na Kabula aliyekuwa amesimama karibu akaziba masikio. Akasema nane. Akanitajia jina lake, Margaret. We look forward to seeing you, nikasema, naye akasema, "Oh, how lovely." Simu ikakatika. Nikatazama juu, nikamwona Bwana Nkwabi amesimama na kandambili moja mguuni, nyingine ameiacha njiani. "Wanakuja?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Hakuruka wala hakupiga kelele. Alikwenda jikoni, nikamsikia anasema, "Mama Kulwa, wamepanga njaa ya kesho." Na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikamsikia mama akicheka.

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada. Tulishaunganisha meza mbili dirishani, kitambaa kikaongezwa na shuka jipya la Mama Kulwa, kipande cha boksi kikafutwa vumbi. Sato walikuwa wakubwa, kuku walichinjwa, wali ulitiwa karoti. Kabula alivaa blauzi ya kanisani. Kwa sababu ya mnada, watu walikuja wengi kuliko ilivyotarajiwa, na meza nyingine zote zikajaa wauza mbuzi na wanunuzi wao. Saa saba ikafika, meza yetu tupu, nyeupe, na wengine wamesimama mlangoni wakiisubiri nafasi. Bwana Nkwabi alinishika bega akaninong'oneza, "Ona." Niliona. Ilikuwa kama alivyosimulia, ukiacha wazee watano waliokuja baada ya hapo.

Walitoka kuzika upande wa Magu na walikuwa wanarudi Maswa. Gari lao lilikuwa limeharibikia barabarani, wakawa wametembea kwenye jua. Wazee watatu wa kiume na wawili wa kike, vumbi mpaka kwenye kope, na mmoja wao, aliyetangulia, alikuwa mtu mzima sana, anatembelea fimbo, shuka ya msiba begani. Alisimama mlangoni. Hakuomba kitu. Alitazama viti vile vitupu, akatutazama sisi, akangoja, kama mtu anayejua kwamba ni suala la sisi kumaliza tulichokuwa tunafanya. Kabula alishapiga goti kumsalimu. Mimi nilisimama na trei. Neno la Kiingereza nilikuwa nalo, limelala ulimini limeiva, kwamba samahani tumejaa. Nikalitafuta kwa Kisukuma, nikalikosa. Sikulikosa kwa aibu tu, hapana. Mpaka leo nalitafuta. Unaweza kumwambia mzee hakuna chakula. Unaweza kumwambia hakuna kiti. Lakini kiti kipo, kipo wazi mbele ya macho yake, na mwenye kiti hayupo, naye mzee yupo, amesimama.

Bwana Nkwabi akaona tumekwama. Akaja kwa hatua ndefu, uso umekaza, na kichwa ameshakiinamisha kidogo kwa ajili ya lile neno lake. "Mwadila, bhabha," akasalimu. "Mwadila," akaitikia mzee, akamuuliza ni wa ukoo gani, naye akataja, mzee akataja wake, wakaulizana habari za mvua, na mzee akamweleza aliyezikwa ni nani, kwamba ni mdogo wake wa mwisho, hakuna mwingine aliyebaki. Yote hayo wamesimama. Bwana Nkwabi alifungua mdomo. Akatazama saa ukutani, akatazama barabara, hakuna gari. Kisha akageuka, akaenda dirishani, akakichukua kile kipande cha boksi akakitia mfukoni, na kwa mikono yake mwenyewe akavuta viti, kimoja kimoja, akamshika mzee kiwiko akamkalisha mbele ya kitambaa cheupe. "Kabula, maji ya kunawa," alisema. "Malimi, leta chakula." Nikamuuliza, "Kipi?" Akaniambia, "Kilichopo." Na kilichokuwepo ni kile cha watu wa simu.

Wageni wa simu walikuja wazee wakiwa katikati ya kula. Gari mbili za rangi ya majani, vumbi likatulia, wakashuka na kofia zao. Mama aliyetangulia alisema, "Hello, we have a booking." Mdomo wangu ukaendelea peke yake kwa njia yake. May I have your name, please. Akasema Margaret. Thank you, madam, nikasema. This way, please. Na nikaongoza. Sikujua kwingine kwa kuongoza. Nikatembea na trei kifuani, watu wanane nyuma yangu, mpaka dirishani, nikasimama mbele ya wazee watano wenye mikono ya samaki.

Yule mzee mkubwa aliwaona, na uso wake ukafunguka. Akaanza kujiinua kwa fimbo. "Karibuni! Karibuni tule! Jamani sogeeni, kuna wageni." Wazee wakasogea, wakabanana upande mmoja, na bibi mmoja akachukua jagi na beseni akawaendea wale wageni awanawishe. Mzungu mmoja, mzee naye, mwenye mvi, alitoa mikono yake akanawishwa, akacheka, akataka kukaa. Lakini yule mama alikuwa anaongea na dereva wao, kijana wa Arusha, na dereva akaja kwetu. "Bwana mdogo, hii meza ina watu." Bwana Nkwabi akasema, "Wanakaribia kumaliza, ndugu yangu. Au wakae pamoja, chakula kipo." "Pamoja?" Dereva akamtazama. "Mzee wangu, watu wameweka nafasi jana. Unajua maana ya kuweka nafasi?" "Najua," alisema Bwana Nkwabi. "Nimefundisha." Dereva akatikisa kichwa, si kwa ubaya, akawaambia wageni maneno upesi upesi, na wakatoka. Yule mwenye mvi alimshika mzee wetu mkono wenye maji na kuuminya kabla hajawafuata wenzake. Milango ya magari ikafungwa.

Mzee alibaki amesimama na fimbo. "Mbona wameondoka bila kula? Tumewakosea nini?" Bwana Nkwabi akaokota kijiko kilichoanguka, akakifuta kwenye shati. "Hamjawakosea, bhabha. Walikuwa wamepotea njia." Mzee akakaa. Akala taratibu, wakala wote, wakamaliza. Wakati wa kuondoka alisimama mlangoni akamshukuru kwa Kisukuma, kwa maneno marefu ya kizamani, akamwombea kwamba nyumba yake isiishiwe wageni. Bwana Nkwabi aliitikia kila sentensi kama inavyotakiwa.

Baada ya hapo simu haikulia tena kwa Kiingereza. Mpwa wa Mwanza alisema kuna mtu ameandika habari zetu kwenye mtandao, na Bwana Nkwabi akamwambia asimsomee. Kitambaa kilibaki dirishani hadi kikawa rangi ya barabara. Madereva hawakurudi, maana walishazoea mchuzi wa mama mwingine. Siku tulipofunga, hakuna aliyegombana na mwenzake. Mama Kulwa alinifungia samaki wa kukaanga kwenye gazeti, Bwana Nkwabi akanisindikiza hadi kituoni, na njiani nilitaka kumwambia kwamba mimi nisingeweza hata kuvuta kiti cha kwanza, kwamba yeye alikuwa na ujasiri. Nikalitafuta neno, na gari likawa limefika.

Mazishini, baada ya Kabula kunyamaza, tulikaa kwenye benchi lile tukatazama watu wakipewa chakula. Akaniuliza, "Hivi Malimi, siku ile ya wazee tungefanyaje?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Yeye je, alijua?" Nikamwambia alilala miaka yote hiyo akilifikiria, mke wake ameniambia, na hata hospitalini aliwahi kumuuliza nesi jambo hilo hilo, nesi akadhani anaweweseka.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma, kama kuna anayefanya kazi kwenye zile hoteli ambazo meza inawekwa tangu jana, Mwanza, Arusha, au popote, naomba aniandikie. Aliyewapa karatasi hizi anajua nilipo, atanifikishia. Msinifundishe Kiingereza, hicho ninacho. Niambieni kwa lugha ya nyumbani kwenu: mzee wa watu amesimama mlangoni, ametoka kuzika, kiti anakiona. Mnamwambiaje? Sina mahali pa kulitumia neno hilo tena. Nataka tu kujua kama lipo.